Namna ya Kuandika Wasifu wa Msanii au Mtangazaji wa Marekani Aliyefariki

Msanii mashuhuri wa Marekani anapofariki, kurasa za Kiswahili hujaa aya ileile kabla ya jua kuchwa: jina lake, umri wake, ugonjwa uliomwondoa, ndoa alizofunga na utajiri anaokisiwa kuuacha. Msomaji humaliza akiwa amejua kwamba mtu fulani amefariki, lakini hajui ni kitu gani hasa kilichowafanya watu wa nchi nzima wamlilie. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuandika wasifu wenye uzito wa mwimbaji, mwigizaji, mchekeshaji au mtangazaji wa Marekani aliyekwisha kutangulia, kwa Kiswahili safi na kwa habari anazoweza kuzisimamia mbele ya yeyote atakayemuuliza alizipata wapi. Kazi hii inadai uangalifu kuliko kuandika habari za mtu aliye hai, kwa sababu aliye hai akikosewa hulalamika na kosa likasahihishwa, ilhali marehemu hana njia hiyo, na kosa letu hubaki juu ya jina lake.

Swali la kuanzia

Kabla ya kukusanya tarehe yoyote, andika swali moja juu ya karatasi yako: mtu huyu alipoingia katika kazi yake, kazi hiyo ilikuwa ikifanywa vipi, na alipoiacha ilikuwa ikifanywa vipi? Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo wasifu wenyewe. Mengine yote, yaani utoto, ndoa, tuzo, ugonjwa na mazishi, huingia kwa kadiri yanavyosaidia kuieleza tofauti hiyo.

Mchukue mtangazaji wa habari Walter Cronkite, aliyezaliwa mwaka 1916 katika mji wa St. Joseph, Missouri, na kufariki mwaka 2009. Alipokabidhiwa taarifa ya habari ya jioni ya kampuni ya televisheni ya CBS mwaka 1962, taarifa hiyo ilikuwa ya dakika 15 tu. Tarehe 2 Septemba 1963 ikarefushwa kuwa ya dakika 30, na miezi isiyotimia mitatu baadaye, tarehe 22 Novemba, ni yeye aliyewaambia watazamaji wa CBS kwamba Rais John F. Kennedy amefariki huko Dallas. Alipokiacha kiti hicho Machi 1981, taifa zima lilikwisha kuzoea kuzipokea habari zake nzito jioni, kwa picha, kutoka kwa uso mmoja unaofahamika. Hapo una hadithi yenye mwanzo na mwisho, na hujataja hata mtoto wake mmoja.

Barbara Walters naye hujibu swali hilo upesi. Kabla ya mwaka 1976 hakukuwa na mwanamke aliyewahi kuketi kama mmoja wa watangazaji wakuu wa taarifa ya jioni katika makampuni makubwa ya televisheni ya Marekani. Mwaka huo ABC ikamchukua kwa mshahara wa dola milioni moja kwa mwaka, jambo lililowakasirisha wanaume wengi wa fani hiyo. Ukishindwa kabisa kuipata tofauti kati ya mwanzo na mwisho, basi andika tanzia fupi ya aya nne na uishie hapo. Umaarufu peke yake hautoshi kulisha maneno elfu mbili.

Jina na siku ya kuzaliwa

Huku ndiko wanakoteleza wengi, nami nashauri utumie muda mwingi hapa kuliko unavyodhani unahitajika. Wasanii na watangazaji wa Marekani wa karne ya 20 walibadilisha majina yao mara kwa mara: wengine ili yatamkike kwa urahisi redioni, wengine ili kuficha asili ya kabila au dini katika jamii iliyokuwa ikibagua, na wengine kwa sababu chama cha waigizaji hakikuruhusu wanachama wawili kutumia jina moja. Mtangazaji Larry King alizaliwa Brooklyn, New York, akiitwa Lawrence Harvey Zeiger. Mtangazaji wa habari Edward R. Murrow alipewa na wazazi wake jina la Egbert. Mwigizaji Diane Keaton, aliyefariki Oktoba 2025, alizaliwa Diane Hall, akachukua jina la ukoo wa mama yake kwa kuwa chamani tayari kulikuwa na Diane Hall mwingine. Andika jina la kuzaliwa mara moja tu, mapema, ukieleza sababu ya kubadilishwa pale sababu hiyo inapojulikana. Baada ya hapo tumia jina ambalo mwenyewe alilichagua kufanyia kazi.

Tarehe ya kuzaliwa ni mtego mkubwa zaidi. Mpiga tarumbeta na mwimbaji wa jazz Louis Armstrong alisema maisha yake yote kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, siku ya uhuru wa Marekani, na alipofariki tarehe 6 Julai 1971 magazeti yaliandika kwamba alikuwa na miaka 71. Katika miaka ya 1980 mtafiti Tad Jones alipekua kitabu cha ubatizo cha kanisa moja la Kikatoliki mjini New Orleans na kukuta kwamba mtoto Louis alizaliwa tarehe 4 Agosti 1901. Kwa hiyo alifariki akiwa na miaka 69, zikiwa zimebaki wiki chache atimize 70. Usimwite mwongo, kwa maana mtoto aliyezaliwa katika ufukara wa mji ule, ambako mwanamume mweusi maskini hakuwa na karatasi za kujitambulisha, aliweza kukua bila kuijua siku yake halisi. Zingatia tu kwamba tanzia zote za mwaka 1971, hata za magazeti yenye heshima, zilikosea kwa pamoja, kwa maana chanzo chao kilikuwa kimoja.

Wengine walisogezewa umri au mahali na idara za matangazo za studio. Kwa miaka mingi mchekeshaji wa televisheni Lucille Ball alikuwa akitajwa kuwa mzaliwa wa Butte, Montana, ilhali alizaliwa Jamestown, jimbo la New York, tarehe 6 Agosti 1911. Umri wa Barbara Walters nao ulipunguzwa kwa miaka miwili katika marejeo mengi, yaliyoandika 1931 badala ya 1929. Njia ya kujikinga ni kutafuta karatasi iliyoandikwa wakati mtu huyo bado si mashuhuri: orodha ya sensa, kitabu cha ubatizo, fomu ya kujiandikisha jeshini, cheti cha ndoa ya kwanza. Orodha za sensa ya Marekani zenye majina ya watu hufungwa kwa miaka 72 kabla ya kuachiliwa kwa umma, na zile za mwaka 1950 zilifunguliwa Aprili 2022, kwa hiyo leo unaweza kumwona mtangazaji fulani akiwa mtoto wa miaka kumi katika nyumba ya kupanga, pamoja na kazi aliyokuwa akiifanya baba yake.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa ni namna Wamarekani wanavyoandika tarehe kwa tarakimu. Wao hutanguliza mwezi. Karatasi inayosema 11/4/1916 inamaanisha tarehe 4 Novemba, siku aliyozaliwa Cronkite, wala si tarehe 11 Aprili. Niliwahi kuchapisha makala yenye kosa la namna hii, na sikulijua mpaka msomaji mmoja aliponiandikia baada ya miezi. Tangu siku hiyo huandika jina la mwezi kwa herufi katika daftari langu tangu ninapoinakili tarehe, nisingoje wakati wa kuandika.

Siku na saa ya kufariki

Msomaji wa Mombasa au Bukavu anaishi mbele ya Los Angeles kwa saa nyingi, na tofauti hiyo inaweza kuhamisha siku. Michael Jackson alitangazwa kuwa amefariki saa nane na dakika 26 mchana, tarehe 25 Juni 2009, kwa saa za California. Wakati huohuo Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa saa sita na dakika 26 usiku, na kalenda ilikwisha kuingia tarehe 26. Ndiyo maana wako watu Afrika Mashariki wanaokumbuka kwa dhati kwamba alifariki tarehe 26. Kanuni ni rahisi: tarehe ya kifo ni ile ya mahali alipofia mtu. Ukitaka kueleza namna habari ilivyopokewa kwetu, taja saa zote mbili, na uzigeuze kwa hesabu yetu ya saa, kwani kuandika "saa 2:26 mchana" kwa sababu saa ya Kizungu inasema hivyo ni kumchanganya msomaji bila sababu.

Chanzo cha kifo

Katika saa za kwanza karibu kila kinachosemwa kuhusu chanzo cha kifo cha mtu mashuhuri ni dhana. Mfano unaoniuma zaidi ni wa Robin Williams, mchekeshaji na mwigizaji aliyejitoa uhai nyumbani kwake California tarehe 11 Agosti 2014, akiwa na miaka 63. Siku zile vyombo vya habari vilizungumzia huzuni yake, madeni yake na ulevi wake wa zamani, kana kwamba fumbo limekwisha kufumbuliwa. Familia ikaeleza kwamba alikuwa ameambiwa ana ugonjwa wa Parkinson. Uchunguzi wa mwili wake uliotolewa miezi michache baadaye ulionyesha kwamba ubongo wake ulikuwa umeshambuliwa vikali na ugonjwa uitwao Lewy body, unaovuruga kumbukumbu, usingizi, mwendo na utambuzi wa mgonjwa, na ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuambiwa kuwa anao. Mwaka 2016 mkewe aliyaeleza mateso ya miezi ile ya mwisho katika jarida la madaktari wa mishipa ya fahamu. Aliyeandika wasifu wa Williams Agosti 2014 na kuuacha ulivyo mpaka leo anaendeleza hukumu isiyo ya haki juu ya mtu aliyekuwa mgonjwa.

Kwa hiyo andika chanzo cha kifo kwa sentensi moja au mbili, kwa kutegemea taarifa ya mchunguzi wa vifo au kauli ya familia, na useme ni ya nani. Ikiwa mtu alijitoa uhai, liseme jambo hilo mara moja kwa lugha ya staha, usieleze njia aliyotumia, wala usiandike kwamba "alichagua" au kwamba "alishindwa na maisha". Kisha rudi kwenye kazi yake.

Kuieleza kazi yenyewe

Sehemu hii ndiyo moyo wa wasifu, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa inamtaka mwandishi aijue fani. Orodha ya filamu na tuzo haielezi kazi. Nitamtumia Lucille Ball, kwa sababu maisha yake yanaonyesha vizuri tofauti kati ya kuorodhesha na kueleza.

Njia ya kuorodhesha ingesema: aliigiza katika kipindi cha vichekesho cha I Love Lucy kuanzia mwaka 1951 hadi 1957, akapata tuzo za televisheni za Emmy, akafariki tarehe 26 Aprili 1989. Njia ya kueleza huanza kwa kumwonyesha msomaji televisheni ya Marekani ilivyokuwa mwaka 1951. Vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na miji ya magharibi ilipata nakala hafifu zilizopigwa kwa kuilenga kamera kwenye kioo cha televisheni. Baada ya kurushwa, kipindi kilikuwa kimekwisha, kama maneno ya mzungumzaji barazani. Kampuni ya sigara iliyokuwa ikikidhamini kipindi cha Ball ilitaka kifanyiwe New York. Yeye na mumewe, Desi Arnaz, mwanamuziki mzaliwa wa Santiago de Cuba, walitaka kubaki Hollywood. Wakakubaliana kwamba kipindi kitapigwa kwa filamu halisi ya sinema, kwa kamera tatu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, mbele ya watu walioketi na kucheka papo hapo. Gharama ikapanda, nao wakakubali kupunguziwa malipo kwa sharti kwamba filamu zibaki mali ya kampuni yao, Desilu.

Hapo simama na umweleze msomaji maana ya sharti hilo, kwa kuwa ndilo lililobadilisha biashara nzima. Kipindi kilichohifadhiwa kwa filamu safi kinaweza kuonyeshwa tena mwakani, na mwaka wa kumi, na katika nchi nyingine. Kumbe thamani yake haikuisha usiku ule. Desilu iliuza haki za vipindi hivyo kwa CBS na kununua studio za filamu za RKO. Baada ya ndoa kuvunjika, Ball alinunua hisa za Arnaz mwaka 1962 na kuiongoza kampuni mwenyewe, na ni chini ya uongozi wake kwamba tamthilia ya safari za anga za juu, Star Trek, ilianza kutengenezwa, kabla hajaiuza Desilu mwaka 1967. Njia ya kamera tatu mbele ya watazamaji ikawa desturi ya tamthilia za vichekesho kwa miongo iliyofuata. Baada ya maelezo hayo, msomaji akiambiwa kwamba tarehe 19 Januari 1953 zaidi ya watu milioni 40 walitazama kipindi ambamo Lucy alikwenda hospitali kujifungua, siku ileile ambayo Ball mwenyewe alimzaa mwanawe, ataelewa kwamba hicho kilikuwa kilele cha jambo lililojengwa kwa hesabu na ujasiri.

Ili uweze kuandika hivyo, huna budi kuitazama au kuisikiliza kazi yenyewe. Tazama angalau vipindi vitatu, au sikiliza santuri nzima kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, ukiwa na kalamu mkononi. Andika ulichokiona: mtangazaji ananyamaza wapi, mchekeshaji anamngoja mtazamaji kwa muda gani kabla ya kutamka neno la kuchekesha, mwimbaji anaingia mbele ya ngoma au nyuma yake. Wakfu wa Chuo cha Televisheni cha Marekani umerekodi mahojiano marefu na mamia ya watu wa fani hiyo, wakiwamo wapiga picha, waandishi wa vichekesho na wakurugenzi, nayo yanapatikana bure mtandaoni. Kumsikia mpiga kamera akieleza siku moja ya kazi na nyota kunakupa zaidi ya makala kumi za siku ya mazishi. Kwa wanamuziki, makumbusho ya nyumba ya Armstrong huko Queens, New York, yanahifadhi mamia ya kanda alizojirekodi mwenyewe akizungumza nyumbani kwake na safarini.

Kuhusu tanzia za magazeti makubwa, zitumie, lakini jua zinavyotengenezwa. Huandikwa mapema, wakati mwingine miaka mingi kabla. Tanzia ya mwigizaji Elizabeth Taylor katika New York Times la Machi 2011 iliandikwa na Mel Gussow, ambaye mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2005. Faida yake ni kwamba zimeandikwa kwa utulivu. Hasara yake ni kwamba huenda zikabeba kosa la miaka mingi bila mtu kulikagua upya, kama ilivyotokea kwa Armstrong.

Hadithi tamu kupita kiasi

Karibu kila wasifu wa Cronkite husimulia kwamba usiku wa tarehe 27 Februari 1968, baada ya kurejea kutoka Vietnam na kuwaambia watazamaji kwamba vita vimekwama, Rais Lyndon Johnson aliyekuwa akimtazama Ikulu alisema kuwa ikiwa amempoteza Cronkite basi amewapoteza Wamarekani. Nami nilikipenda kisa hiki kwa muda mrefu. Lakini kipindi kile kilipokuwa hewani Johnson hakuwa Washington. Alikuwa Austin, Texas, kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya Gavana John Connally. Maneno anayodaiwa kuyasema nayo yanasimuliwa kwa namna nyingi zisizolingana. Kilicho hakika ni kwamba Cronkite alisema aliyoyasema hewani, na kwamba tarehe 31 Machi Johnson alitangaza kuwa hatagombea tena. Yaandike mambo hayo mawili kwa mfuatano wake, umwachie msomaji nafasi ya kupima, wala usiyafunge kwa kamba ambayo huna.

Dalili za hadithi ya kutiliwa shaka hufanana. Huwa na sentensi moja nzuri inayonukuliwa kila mahali, huwa haina shahidi aliyekuwapo chumbani, na humfanya marehemu aonekane mkubwa kuliko serikali. Sifa pia zipimwe. Cronkite huitwa mtu aliyeaminiwa kuliko wote Marekani, lakini sifa hiyo ilitokana na kura ya maoni ya mwaka 1972 iliyomweka kwenye orodha moja na wanasiasa; kuaminiwa kuliko wanasiasa si jambo kubwa sana kwa msomaji wa habari, na haki ni kusema sifa ilitoka wapi.

Uhusiano na Waswahili

Mwandishi wa Kiswahili ana kishawishi cha kulazimisha kila marehemu wa Marekani awe na undugu na Afrika Mashariki. Usifanye hivyo. Ball hakuhusiana nasi kwa namna yoyote inayofaa kutajwa, na wasifu wake haupungukiwi na kitu. Ila pale uhusiano ulipo wa kweli, ni wajibu wako kuutoa, kwa maana waandishi wa Marekani huupita kwa nusu sentensi.

Mwimbaji Harry Belafonte ndiye mfano ninaoutumia daima. Alizaliwa Harlem, New York, tarehe 1 Machi 1927, akaishi sehemu ya utoto wake Jamaica, na santuri yake ya mwaka 1956, Calypso, iliuza zaidi ya nakala milioni moja, jambo ambalo hakuna msanii wa peke yake aliyekuwa amelifikia kwa santuri ndefu. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Emmy. Februari 1968 alimshikia mtangazaji Johnny Carson kiti cha kipindi chake cha mazungumzo ya usiku kwa wiki moja na kuwaleta hewani Martin Luther King na Robert Kennedy, ambao wote wawili waliuawa kabla ya katikati ya mwaka huo. Hayo utayakuta katika tanzia zote za Aprili 2023. Yatakayohitaji jicho lako ni haya: mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli za kuwapeleka vijana wa Kenya katika vyuo vya Marekani, Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wachange, na Septemba mwaka huo ndege yenye wanafunzi 81 ikatua New York. Mwaka 1965 Belafonte alitoa santuri pamoja na Miriam Makeba wa Afrika Kusini, ambamo waliimba Malaika kwa Kiswahili, na santuri hiyo ikapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Wimbo huo ulikuwa umekwisha kurekodiwa Kenya na Fadhili William. Aya mbili juu ya mambo hayo zitampa msomaji wako kitu ambacho hatakipata kwa lugha nyingine.

Murrow naye ana uzi wake. Watu humkumbuka kwa matangazo yake kutoka London wakati wa mabomu ya Wajerumani, na kwa kipindi cha tarehe 9 Machi 1954 dhidi ya Seneta Joseph McCarthy, aliyekuwa akiwaandama watu kwa tuhuma za Ukomunisti. Lakini kuanzia 1961 hadi 1964 aliongoza wakala wa habari wa serikali ya Marekani, ambao Sauti ya Amerika ilikuwa chini yake, na matangazo ya Kiswahili ya redio hiyo yalianza mwaka 1962, katika kipindi chake. Kwa mwigizaji James Earl Jones, aliyefariki Septemba 2024, uhusiano ni mwembamba: aliipa sauti yake Mufasa, baba wa Simba, katika filamu ya katuni The Lion King. Simba, Rafiki na Sarabi ni maneno yetu. Mufasa si neno la Kiswahili, na ni vyema kulisema hilo kwa sentensi moja kisha uende kwenye jambo kubwa zaidi, kwamba sauti ile ilitoka kwa mtu aliyekuwa na kigugumizi kikali utotoni hata akakaa karibu kimya kwa miaka, mpaka mwalimu wake alipomfanya asome mashairi kwa sauti mbele ya darasa.

Lugha

Mtu "hufariki" au "hufariki dunia". Neno "kufa" liache kwa nomino kama "kifo" au kwa nukuu. "Marehemu" litumie mara moja au mbili, kwa kuwa likitangulia kila jina wasifu hugeuka risala ya mazishi. Majina ya filamu, vipindi na santuri yaache kama yalivyo, kwa sababu msomaji atakayetaka kuvitafuta atavitafuta kwa majina hayo.

Jambo linalohitaji maelezo zaidi ni muundo wa utangazaji wa Marekani. Msomaji aliyekulia katika enzi ya Redio Tanzania Dar es Salaam au Sauti ya Kenya anajua chombo kimoja cha taifa. Mweleze kwamba Marekani kulikuwa na makampuni matatu ya biashara, NBC, CBS na ABC, yaliyotengeneza vipindi na kuvisambaza kwa vituo vya miji mingi, na kwamba aliyelipa ni mtangaza bidhaa. Bila maelezo hayo hataelewa ni kwa nini kampuni ya sigara ilikuwa na kauli juu ya mahali pa kutengenezea vichekesho.

Fedha ziache katika dola na mwaka wake. Dola milioni moja alizolipwa Walters mwaka 1976 ukizigeuza kuwa shilingi kwa kiwango cha leo unapata tarakimu isiyo na maana yoyote. Makisio ya utajiri yanayoelea mtandaoni yaache kabisa. Kama mali ina habari, itakuwa katika mahakama: mwanamuziki Prince alifariki Aprili 2016 bila wosia, na mirathi yake ikachukua miaka sita kumalizika; mwimbaji Aretha Franklin, aliyefariki Agosti 2018, aliacha maandishi ya mkono ndani ya daftari lililokutwa chini ya mito ya kochi, na Julai 2023 baraza la wazee wa mahakama huko Michigan likaamua kwamba ni wosia halali.

Picha

Picha za wakala wa habari nyingi zina wenyewe, na kuziiba ni kumdhulumu mpiga picha. Kazi zilizofanywa na watumishi wa serikali kuu ya Marekani wakiwa kazini hazina hakimiliki ndani ya nchi hiyo. Katika Hifadhi ya Taifa huko Marekani kuna picha za maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963 zilizopigwa na wapiga picha wa wakala uleule uliokuwa ukiongozwa na Murrow, na ndani yake wamo Belafonte na Poitier wakiwa bado vijana. Taja ilikotoka picha, tarehe yake na majina ya wanaoonekana kutoka kushoto.

Kabla ya kuchapisha

Iache makala yako ilale usiku mmoja. Asubuhi chukua kalamu nyekundu na upige mstari chini ya kila tarehe, kila umri na kila neno "wa kwanza". Hesabu umri upya kwa mkono, ukiangalia kama siku ya kuzaliwa ilikuwa imepita au la mwaka wa kifo. Kila penye "wa kwanza" uliza: wa kwanza wa nani, katika nini, na nani amesema? Likikosa jibu, lifute. Kisha soma kwa sauti ukijifanya kwamba binti au mjukuu wa marehemu ameketi mbele yako na anaelewa Kiswahili. Ukishachapisha, tunza daftari lako la vyanzo, na ikitokea karatasi mpya kama ile ya New Orleans, sahihisha makala palepale ilipo, ukiandika chini yake umesahihisha nini na tarehe gani.